Kutuma vifurushi ukiwa nyumbani hapa Marekani: angalia kwanza nani anauskani mzigo wako

Mwaka jana mwezi wa tano dada mmoja wa Fort Worth, Texas, aliniagizia doti 12 za kanga kwa ajili ya kicheni pati ya mdogo wake. Sare, jina moja, rangi moja, na ile rangi ilikuwa imeadimika mpaka wifi yangu kule Tanga akazunguka maduka siku mbili nzima ndo akazikamilisha. Mzigo ukanifikia hapa Columbus, nikazipasi, nikazikunja, nikaweka na kikaratasi cha kumpongeza bibi harusi, usiku nikanunua lebo mwenyewe kwenye kompyuta na kuiprinti, asubuhi nikapitia duka moja la kupokea vifurushi ambalo liko njiani kwangu kwenda kazini. Kijana wa kaunta akaniambia weka tu hapo. Nikaweka, nikaondoka. Hakunipa risiti na mimi sikuiomba.

Siku 9. Siku 9 nzima trakingi inaandika kitu kimoja tu, lebo imetengenezwa, mzigo haujapokelewa. Yule dada ananitumia picha ya skrini asubuhi, mchana, jioni, na mimi sina cha kumjibu maana hata mimi naona hicho hicho anachokiona yeye. Kicheni pati ikapita Jumamosi watu wamevaa madera kila mtu la kwake, kanga zikaingia Jumanne. Kufikia hapo alishaandika kwenye grupu la wasap lenye Watanzania wa majimbo yote kwamba nakula hela za watu, kwamba ile lebo niliitengeneza kumzuga. Nikamrudishia hela yake yote na kanga nikamwachia. Hela niliisahau baada ya mwezi lakini jina langu kwenye lile grupu, jamani, mpaka leo kuna watu wakiniona wanaulizia kwanza ile habari ya Fort Worth ndo wanaagiza.

Nilirudi pale dukani na trakingi mkononi. Jibu nililopewa ni kwamba wao wanapokea na kuweka kwenye kikapu, hawaskani, anayekuja kuchukua ndo anaskani. Anakuja lini? Inategemea. Na kikapu chenyewe kilikuwa nyuma ya friji la soda.

Tangu siku hiyo nimejaribu kila njia inayomwezesha mtu kununua postage, yaani kulipia usafirishaji, na kutuma mzigo bila kutoka nyumbani, au akitoka basi asimame dakika mbili tu, na kina dada wengi mnaouza madera, vitenge, viungo na udi mmekuwa mnaniuliza inbox ipi nzuri. Nimeamua niandike mara moja. Ila nawaambia mapema kwamba habari ya siku ngapi unafika na kava gani nzuri sitaizungumzia sana, hayo yapo kila mahali. Mimi naangalia skani ya kwanza.

Skani ya kwanza ni nini

Ukinunua lebo kwenye intaneti, posta wanapata taarifa kwamba kuna mzigo unakuja. Hawana mzigo, wana taarifa. Trakingi namba inaanza kuonekana hapo hapo na mteja wako anaiona, halafu inakaa vile vile mpaka mtu mwenye mashine apige ile misitari ya lebo yako. Ule mlio mmoja ndo ushahidi kwamba mzigo umetoka mikononi mwako na umeingia mikononi mwao. Kabla ya hapo wewe ndo mwenye mzigo, hata kama uliuacha mahali Jumatatu na leo Ijumaa.

Na hili lina uzito kuliko watu wanavyofikiria. Ground Advantage na Priority Mail, huduma mbili za vifurushi za posta, ile ya barabara na ile ya haraka, zote mbili zinakuja na bima ya dola 100 bila kulipia zaidi, na ukipoteza mzigo unaweza kudai kuanzia siku ya 15 tangu ulipotuma mpaka siku ya 60. Sasa nenda kadai mzigo ambao haujawahi kuskaniwa hata mara moja, utaanza kubishana kwamba kweli ulikuwepo. Mteja naye akifungua mgogoro kwenye kadi yake, benki wanaangalia trakingi, wanaona lebo tu, hela inarudi kwake na kanga umeshatoa.

Kwa hiyo kila njia hapa chini nimeipanga kwa swali moja, nani anaskani, saa ngapi, na je nina karatasi ya kuonyesha.

Namba moja: Pirate Ship, na fomu yake ya skani

Sifichi, mimi ni mtu wa Pirate Ship na sina mpango wa kuhama. Ni kampuni ya kununulia lebo kwenye intaneti, ya Jackson, Wyoming, ilianza 2014, haina ada ya mwezi, haiongezi senti juu ya bei ya posta, unalipia lebo uliyonunua basi. Bei unayopata ni ile ya kibiashara ambayo ukienda kaunta hupewi, hata kama unatuma kifurushi kimoja kwa mwaka. Unafungua akaunti, unaingiza anwani, uzito na vipimo, inakuonyesha posta wanatoza ngapi na UPS, ile kampuni binafsi ya kusafirisha, wanatoza ngapi, unachagua.

Lakini hayo yote kila mtu anayasema. Mimi kilichoniweka pale ni kitu ambacho sijaona mtu akikisema kwenye video zile za kina dada wa biashara, nacho ni fomu ya skani. Ukishanunua lebo zako za siku hiyo, ziwe 3 au 40, unabonyeza kutengeneza fomu, inatoka karatasi moja yenye misitari mikubwa juu, posta wanaiita fomu 5630. Misitari hiyo moja imebeba lebo zako zote za siku hiyo. Mtu wa posta akija kuchukua mizigo unampa ile karatasi, anaipiga mara moja, na mizigo yote inaingia kwenye mfumo. Hana haja ya kuinua kila kifurushi na kutafuta lebo iko upande gani huku gari linaunguruma. Mwenyewe ukimwelewa utaona kwanini vifurushi 15 mlangoni vikiwa havina hiyo karatasi vingine vinapita bila kuskaniwa, mtu ana mtaa mzima wa kumaliza.

Na kuja kuchukua ni bure. Hii nayo watu hawaamini nikiwaambia. Posta ya Marekani, USPS, ukiomba kwenye tovuti yao wanakuja kuchukua mzigo mlangoni siku wanayoleta barua, bila malipo, kifurushi kimoja au 30 ni sawa. Huhitaji lebo iwe umenunua kwao, hata ya Pirate Ship inachukuliwa. Unajaza anwani, unasema mzigo utakuwa wapi, barazani au mlango wa pembeni, wanauliza mpaka kama nyumbani kuna mbwa. Mimi naomba usiku kabla sijalala. Ukitaka waje saa fulani maalum ndo wanatoza, na hiyo usiichukue, haina maana kwa mtu anayekaa nyumbani na watoto.

Kama siku hiyo unafanya kazi, zungumza na mtu wa posta wa mtaa wenu. Wa kwetu ni mama mtu mzima, mwaka wa kwanza nilikuwa simjui hata sura, sasa hivi namwachia fomu juu ya boksi nimeibana na jiwe, na joto likizidi namwekea chupa ya maji. Anaskani pale pale barazani, simu yangu inalia nikiwa kazini kwamba mzigo umepokelewa, namtumia mteja picha ya skrini. Toka nianze hivo, hakuna hata mteja mmoja aliyeniuliza mzigo uko wapi kabla mimi sijamwambia.

Kitu kingine cha Pirate Ship ambacho kwa sisi wauza vitambaa ni hela taslimu, ile bei ya ujazo. Kanga na kitenge ni vizito kwa udogo wake. Doti moja ukiikunja vizuri kwenye bahasha ya plastiki haifiki paundi moja, hiyo tuma tu kwa uzito. Ila ukifika doti 8, hapo una zaidi ya paundi 6, na posta ikivuka paundi moja wanahesabu kwenda juu, paundi 6 na wakia moja unalipa 7. Sasa chukua boksi la inchi 10 kwa 8 kwa 6, zikandamize humo, piga hesabu, ni inchi za ujazo 480, yaani chini ya theluthi moja ya futi ya ujazo, na kwa bei hiyo wanaangalia ukubwa wa boksi na umbali, uzito hawaugusi mradi usizidi paundi 20. Kutoka hapa Ohio mpaka Seattle, ambako ni kanda ya 8, yaani mbali sana kwa hesabu ya posta, tofauti unaiona kwa macho. Pirate Ship inakuonyesha hiyo bei yenyewe bila kuiomba, kazi yako ni kupima boksi kwa ukweli.

Kwa ukweli nimesema. Posta wana mashine zinazopima kila boksi njiani na ukidanganya wanakukata tofauti baadaye kwenye akaunti. Na kuanzia Aprili 2022 kuna tozo za ziada kwa boksi lenye upande unaozidi inchi 22, nyingine likizidi inchi 30, nyingine ukubwa ukizidi futi za ujazo 2. Wauza mikeka na wauza vikapu, hiyo inawahusu nyie. Mkeka usiufunge mrefu kama bomba, ukunje.

Lebo uliyokosea au mteja akighairi, unaifuta ndani ya siku 30 na hela inarudi, ila inachukua wiki mbili tatu.

Namba mbili: Click-N-Ship ya posta wenyewe, kwa asiye na printa

Hii ni ya USPS wenyewe, bure, na siku hizi nayo inatoa bei iliyopunguzwa ukilinganisha na kaunta. Nimeiweka ya pili kwa sababu moja kubwa, unaweza kununua lebo bila printa. Unalipia kwenye simu, inakupa ile alama ya mraba ya kuskani, unaenda nayo posta, wanakuprintia lebo pale kaunta na kuibandika. Na kwa vile wamekuprintia wao mbele yako, unaomba risiti ya kupokelewa hapo hapo. Hapo skani ya kwanza unayo mkononi, imeandikwa saa na dakika.

Nawasisitiza, omba. Sema naomba risiti ya kupokelewa. Ukiweka mzigo kwenye meza na kuondoka kwa sababu foleni ndefu, umerudi kule kwa yule kijana wa friji la soda.

Kwa dada anayetuma vifurushi viwili kwa mwezi, kwa mwanafunzi, kwa mama anayemtumia mtoto chuo, hii inatosha kabisa. Kwa biashara ya kila siku utachoka, kutafuta mteja wa zamani kwenye orodha kunachosha na mimi kidole changu hakina subira.

Maboksi ya Priority ya posta ni bure, unaagiza kwenye tovuti na wanakuletea mpaka mlangoni, watu wengi hawajui hilo wanaenda kununua. Ila jamani, boksi la Priority ni la Priority tu. Nimeona dada anafundisha watu kwenye laivu waligeuze ndani nje walitumie kwa Ground Advantage. Posta wanalijua boksi lao hata likigeuzwa, utatozwa Priority. Na yale ya bei moja, ambayo bei haibadiliki kwa uzito wala umbali, mimi nayatumia tu mzigo ukiwa mzito sana na unaenda mbali sana. Kwa doti 3 kwenda jimbo la jirani unatupa hela.

Namba tatu: UPS, kwa mzigo mkubwa

Ukifika paundi 15 na kuendelea, wale mnaotuma sufuria, mbuzi za kukunia nazi, makatoni ya vitenge vya jumla, angalia UPS humo humo ndani ya Pirate Ship kabla hujalipa. Mara nyingi anakuwa rahisi kwa mizigo ya aina hiyo. Kuja kuchukua nyumbani wao wanatoza, kwa hiyo utapeleka, na vituo vya kupokelea wanavyo mpaka ndani ya maduka ya CVS na Michaels. Hapo napo ni skani. Ukiwa kwenye duka ambalo ni la UPS kabisa kuna mashine, wanapiga, wanakupa risiti. Ukiwa kwenye duka lingine lililokubali kupokea kwa niaba yao, simama, subiri apige, chukua karatasi, ndo uondoke. FedEx, wenzao wa kazi hiyo hiyo, nao ni hivo hivo kwa maduka ya Walgreens na Dollar General.

Angalizo mawili. UPS na FedEx kwa kawaida hawapeleki kwenye sanduku la posta, na ndugu zetu wengi wakihama hama wanatumia sanduku, uliza kwanza. La pili, wanapima na hewa. Urefu mara upana mara kimo, gawanya kwa 139, jibu likizidi uzito halisi unalipia jibu. Boksi kubwa lenye vikapu vya ukindu linapima paundi 4 na unalipia 20.

Namba nne: Stamps.com na wenzake wa ada ya mwezi

Ni kampuni ya siku nyingi, toka 1996, na kwa ofisi yenye barua nyingi za kawaida inafaa maana unaprinti mpaka stempu za bahasha. Fomu ya skani wanayo pia. Ila unalipa ada kila mwezi utume usitume, na mimi biashara yangu kuna mwezi wa Ramadhani natuma vifurushi 60 na kuna mwezi wa pili natuma vinne. Sioni kwanini nilipie mlango wa kuingilia dukani wakati duka lile lile, bei ile ile ya posta, naingia bure kwa jirani. Kama unajaribu, andika kwenye kalenda tarehe majaribio yanapoisha.

Kaunta, mashine ya ukumbini na stempu

Kaunta unalipa bei kamili, risiti unapata. Mashine ya kujihudumia kwenye ukumbi wa posta, bei kamili pia, unatumbukiza mzigo kwenye kile kidirisha. Stempu za kubandika mwenyewe kwenye kifurushi sahau, tangu Oktoba 2019 kitu chenye stempu kikizidi wakia 10 au unene wa nusu inchi hakiruhusiwi kutumbukizwa kwenye sanduku la mtaani, lazima ukipeleke kaunta, sasa uliokoa nini.

Maduka ya kati

Haya ndo sitaki muende, na naomba mnisamehe nikiongea kwa uchungu. Siongelei maduka ya kampuni zenyewe, naongelea yale ya pembeni, ya ndani ya sheli, ya ndani ya duka la simu, yameandika nje tunatuma popote. Nilifanya hesabu ya risiti moja aliyonitumia msomaji wa Louisville. Alituma madera mawili. Ametozwa usafiri juu ya bei ya kaunta ya posta, ametozwa boksi, ametozwa tepu, ametozwa kitu kimeandikwa huduma. Huduma gani, kuandika jina la mtu? Na alipewa karatasi ya kuangalia trakingi tu, mzigo umeskaniwa siku ya nne. Huyu ni mama anayesafisha vyumba hotelini, kila dola anaijua ilipotoka, na waliona kabisa Kiingereza chake hakijakaa sawa.

Wanajua wateja wao ni nani. Wamejaa mitaa tunayokaa sisi wageni, kule kwenye nyumba kubwa kubwa huwaoni. Msiende. Mtu akishindwa kuprinti aende na simu yake posta, nimeshaeleza hapo juu.

Na bei zenyewe za posta nazo zinapanda tu. Tangu watangaze ule mpango wao wa miaka 10 mwezi Machi 2021, imekuwa Januari ikija unakaa roho juu, Julai ikija unakaa roho juu. Stempu ile ya kudumu ilianza 2007 kwa senti 41, Julai 2025 ikafika 78, na mwezi huo huo Ground Advantage ikapandishwa kama asilimia 7. Halafu upande wa pili, tangu 29 Agosti 2025 ule msamaha wa ushuru kwa vifurushi vya dola 800 kushuka vinavyoingia Marekani ukaondolewa, kwa hiyo kanga zangu kutoka Tanga nazilipia mlangoni kuingia, nazilipia tena kutoka. Mteja anaona doti imepanda anadhani mimi ndo mwizi.

Vitu vya kuwa navyo nyumbani

Mizani ya dijitali ya kupima mpaka paundi 50, si ghali, hakikisha inasoma wakia. Ipime kwanza kwa kitu unachokijua, mimi natumia pakiti ya sukari ambayo haijafunguliwa.

Printa. Hapa ndo mnaponikatisha tamaa, mnanunua printa ya wino ya bei rahisi kisha wino mnanunua kila mwezi kwa bei ya printa. Nilikuwa nayo ya namna hiyo, matone mawili ya mvua na misitari ya lebo imetapakaa kama wanja uliolowa machozi, mashine haisomi, skani hakuna. Nunua ya joto, ile isiyotumia wino, ya lebo za inchi 4 kwa 6. Mimi ninayo Rollo na inakubali lebo za kampuni yoyote. Dymo za mfululizo wa 550 na 5XL zinasoma chipu ndani ya roli, bila lebo za Dymo wenyewe haziprinti, kwa hiyo umeolewa nazo. Na lebo za joto zinaungua, zinageuka nyeusi ukiziacha kwenye gari siku ya jua kali, nyie wa Phoenix na Houston hilo mlishike.

Kama unaprinti kwenye karatasi ya kawaida, tepu weka pembeni tu. Usipitishe tepu inayong'aa juu ya misitari, mwanga wa mashine unarudi na haisomi vizuri. Kosa hili dogo linaua skani ya kwanza kuliko yote na kila wiki napokea picha ya kifurushi kimezungushiwa tepu mpaka kimekuwa kama kioo. Na usibandike lebo kwenye kona ya boksi ikakunjika, ikae upande mmoja ulionyooka.

Wauza marashi na udi, mmeniuliza sana. Marashi yenye spiriti ndani ya Marekani yanaenda kwa barabara tu, hayapandi ndege, chagua Ground Advantage na uweke alama inayotakiwa. Nje ya nchi hayaruhusiwi kabisa kwa posta, hata rangi ya kucha vile vile. Udi wa vijiti na wa kuchoma, ule mkavu, hauna spiriti, huo ni mzigo wa kawaida.

Kutuma nyumbani

Ukituma Tanzania au Kenya, kifurushi kidogo kisichozidi paundi 4 kinaenda kwa ile huduma ya First-Class ya kimataifa, na humo humo kwenye Pirate Ship unajaza fomu ya forodha. Fomu ya kuandika kwa mkono hawapokei tangu Machi 2020. Andika vitu kwa jina lake, nguo za mtoto 3, viatu jozi 1, na thamani yake, ukiandika zawadi peke yake unawapa sababu ya kuufungua.

Anwani ya nyumbani ni S.L.P., kwa huku andika P.O. Box na namba, mji, na ile postikodi ya tarakimu 5 kama unaijua. Usiandike nyuma ya msikiti karibu na kwa mzee fulani kama tunavyoelekezana kwenye simu. Na namba ya simu ya anayepokea weka kwenye lebo yenyewe, kuanzia +255 au +254, maana mzigo unafikia posta ya mji na lazima wajue wa kumpigia. Mama yangu sanduku lake alilirithi kwa baba, funguo anazo kwenye kile kimkoba chake cha kiunoni, na kila nikituma naye namwambia namba ya trakingi anaiandika nyuma ya kalenda ya ukutani, herufi moja moja, ananisomea tena tuhakikishe.